Mgongo Uliobaki Kwenye Kiti

Kiti cha gari la mashindano hakinunuliwi dukani, au niseme sisi hatukuwa na duka la namna hiyo. Hutengenezwa juu ya mwili wa mtu. Unamkalisha dereva ndani ya gari lisilo na kitu, unamwekea mfuko mkubwa mweusi wa takataka nyuma ya mgongo, kisha unachanganya kemikali mbili na kuzimimina mfukoni upesi kabla hazijaanza kuumuka. Zinaumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa karibu na jiko. Povu linapanda, linajaza kila nafasi kati ya mtu na chuma, linapata joto, halafu linakauka na kuwa gumu. Robo saa nzima dereva hatakiwi kusogea. Akiinuka, mgongo wake unabaki pale.

Tuliyemkalisha siku ile alikuwa rafiki yangu, kijana wa Kawangware niliyesoma naye uhandisi wa umeme. Timu yetu ya wanafunzi ilikuwa imemchagua kuwa dereva wa gari la umeme tulilokuwa tunaliunda. Udereva huo nilikuwa nimeutaka mimi. Kura zilipigwa, nikashindwa kwa kura mbili, nikanuna wiki nzima. Hasira zangu ziko karibu na sijawahi kuzificha. Yeye aliniacha ninune mpaka nikachoka, kisha akaniletea hindi la kuchoma, akalikata katikati na kunipa kipande kikubwa.

Povu lilipokuwa limeshamshika, nikamwona anakunja uso.

“Manze,” akasema, “nimekuja na ufunguo ya choo.”

Kwao Kawangware, kama kwetu Gatwekera, milango mingi hutumia choo kimoja chenye kufuli, na ufunguo hufungwa kwenye kitu kikubwa ili usipotee. Wa ploti yao ulikuwa umefungwa kwenye kijiko. Alitoka nao chooni asubuhi, akautia mfuko wa nyuma wa suruali, akaja nao chuoni. Sasa ploti nzima ilikuwa imebanwa, na yeye alikuwa amefungwa ndani ya povu.

“Usisonge!” nikamfokea.

“Watu wanateseka huko!”

“Wacha wateseke dakika kumi. Ukisonga nakuua.”

Tulicheka mpaka machozi. Povu lilipokauka, upande wa kulia wa kiti, pale nyongani, palikuwa na shimo la kijiko pamoja na mpini wake. Jioni mama yake alimpokea mlangoni akiwa na majirani wote, na kesho yake rafiki yangu akanisimulia kila tusi alilopewa, huku akiigiza sauti ya kila jirani.

Kiti kilipotolewa nje ndipo nilipoona jinsi alivyokaa. Nilikuwa nimemwona kila siku kwa miaka mitatu na sikuwahi kuona. Bega la kulia lilikuwa juu, la kushoto limeshuka, na mahali pa shingo palikuwa pamepinda kwenda kushoto. Mama yake huuza mboga za kienyeji: managu, mrenda, kunde. Tangu shule ya msingi alikuwa akimbebea magunia kutoka sokoni, gunia kwenye bega la kulia na kichwa kimeinama kushoto. Mwili ulizoea hivyo, ukabaki hivyo hata mzigo usipokuwepo.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Msimu wa mvua, Ijumaa moja, tulikuwa wawili karakanani tukisugua bodi ya gari kwa msasa. Vumbi lilikuwa limetujaa nyusi. Akaacha kusugua, akaketi juu ya ndoo.

“Kifua inanibana,” akasema. “Nikivuta hewa inachoma. Naona niende hosi.”

Sikuinua hata macho. “Wewe unajifanya,” nikamwambia. “Kazi ya msasa ikifika ndiyo unakumbuka uko na kifua.”

Alicheka, akasimama, akachukua msasa wake. Wengine walikuwa wameenda kula, kwa hiyo hakuna mwingine aliyesikia. Alifanya kazi mpaka tukafunga mlango. Jumamosi alikuja. Jumapili pia alikuja, akiwa amevaa sweta mbili. Jumatatu alilazwa, na Alhamisi alikuwa ameenda.

Kabla mwili haujasafirishwa kwao Magharibi, tulikaa matanga pale Kawangware, kwenye viti vya plastiki nje ya mlango wao. Mama yake alituita mmoja mmoja. Swali lake lilikuwa moja tu: je, kijana alikuwa amelalamika? Aliwahi kusema anaumwa? Kapteni wa timu akasema hapana. Aliyeshughulika na betri akasema hapana. Wote walikuwa wakisema kweli. Zamu yangu ilipofika nikatazama mikono yake, vidole vilivyokolea kijani kwa kuchambua mboga, nikasema, “Hapana, Mama. Hakusema kitu.”

Akaendelea kunitazama. Nikashindwa kuvumilia macho yake, nikatafuta cha kumpa. “Kiti chake bado kipo,” nikasema. “Kiko na umbo lake kabisa, mgongo, mabega, kila kitu. Hatujakikata bado kumtoshea dereva mwingine.”

Akanishika mkono. “Msikikate mpaka nikione.”

Nikaahidi. Nilimpa kiti mahali pa ukweli, na tangu siku hiyo kiti kikawa changu.

Kikawa changu kweli, kwa maana baada ya mazishi timu ilinifanya dereva. Mimi na marehemu tulikuwa karibu urefu mmoja na uzito mmoja. Udereva niliounuia nikaletewa bila kura. Kila nilipojaribu kukaa wima, kiti kilinikataa. Bega langu la kushoto liliteremka lenyewe likatafuta shimo lake, la kulia likapanda, shingo ikalala kushoto. Nyongani nilisikia ukingo wa kile kijiko. Nikikaa nusu saa, nilishuka nikiwa nimepinda.

Kisha nikaanza kupinda hata nje ya gari. Nikiwa naosha vyombo nyumbani Gatwekera, mama yangu alinitazama kwa muda. “Simama wima,” akasema. “Mbona umelala upande kama mtu amebeba mzigo?” Nikajinyoosha. Aliponigeuzia mgongo nikarudi vilevile.

Mchana mmoja nilikuwa natembea mtaa wa Olympic, na yule mwenzetu wa betri alikuwa nyuma yangu bila mimi kujua. Akaita jina. Halikuwa langu. Lilikuwa jina ambalo hakuna kwenye timu aliyekuwa amelitaja kwa wiki kadhaa. Nikageuka, na sisi wawili tukasimama katikati ya njia watu wakitupita. “Pole,” akasema, macho chini. “Ni hiyo kutembea yako.” Niliogopa, na woga huo haujaniisha hadi leo.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuogopa. Sheria za mashindano zinataka dereva aweze kuruka nje ya gari kwa sekunde tano, kwa sababu betri kubwa ikishika moto haingoji mtu. Mimi nilitumia tisa, mara nyingine kumi. Kila nilipojiinua, kile kiti kilinidaka begani. Kapteni alisema kikatwe. Nikasema nimeahidi. Alivumilia kwa sababu naye alimpenda marehemu, lakini siku ya majaribio ilipokaribia akanijia na kusema polepole, “Jumamosi ndiyo mwisho. Mama yake akija asikuje, jioni tunakata.”

Siku hiyo tulikuwa na mambo mawili ya kumwonyesha mwalimu wetu msimamizi: gari limalize mizunguko ishirini bila kusimama, na dereva atoke kwa sekunde tano. Bila hayo asingetia sahihi twende mashindanoni. Tulikuwa tumeazimwa uwanja wa lami wa ghala moja lililofungwa, mwendo mfupi kutoka Kawangware.

Asubuhi niliondoka nyumbani kwa miguu, nikapanda hadi Olympic, nikavuka Ngong Road, nikateremka hadi kibanda cha mama yake. Ilikuwa baridi ile ya Julai isiyo na mvua wala jua. Alikuwa ameshaanza kuchambua managu, gunia miguuni. Kando yake palikuwa na kreti lililopinduliwa, mahali alipozoea kukaa kijana wake akimsaidia.

“Kaa,” akaniambia, akilielekeza kreti kwa kidevu.

Nikakaa, nikachukua fungu, nikaanza kuchambua.

“Mama, ni leo. Jioni watakikata.”

“Nilisikia.”

“Utakuja?”

“Na hizi mboga zitachambuliwa na nani?”

Tukachambua. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, “Unajua kinachoninyima usingizi? Si kufa. Watu hufa. Ni kwamba mtoto hawezi kuumwa vile siku zote hizo asiambie mtu. Huyo mtoto alikuwa anaongea mpaka na mbuzi. Aliambia nani?”

Majani yalikuwa baridi vidoleni. “Labda hata yeye hakujua, Mama,” nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejibiwa hivyo kila siku. Nikamaliza fungu langu, nikamwambia naenda kuendesha gari, nikaondoka karibu nikikimbia. Nilijichukia. Nilikuwa nimemdanganya mara mbili, na mara ya pili nikiwa nimekaa kwenye kreti la mwanawe.

Uwanjani kila mtu alikuwa na kazi. Koni zilikuwa zimepangwa, kamba imezungushwa kuzuia watazamaji, kizimamoto kimesimama pembeni. Nilivaa ovaroli, nikavaa helmeti, nikateremsha kioo chake cheusi, nikajisukuma ndani ya kiti. Taa ndogo juu ya gari ikaanza kumetameta nyekundu, maana yake umeme mkubwa umefunguliwa na mtu asiguse.

Watu hudhani gari la mashindano ni kelele. Letu lilikuwa na mluzi mwembamba tu, na mlio wa matairi kwenye kona. Yeye alikuwa akilitania kwamba litatupita kama mzimu. Mizunguko mitatu ya kwanza nilipigana na kiti kama kawaida yangu, nikagonga koni mbili. Wa nne nilichoka. Nikaacha bega liende linakotaka kwenda, nikaacha shingo ilale. Mara gari likatulia. Kila kona ikaja mikononi mwangu kabla sijaifikiria, na ndani ya helmeti nikasikia pumzi ambayo sikuwa na hakika ni yangu. Nilianza kuzungumza naye. Nilimwambia, “Haya, endesha wewe basi.” Na kwa mizunguko minane au tisa nilikuwa na furaha ambayo sikustahili.

Mzunguko wa kumi na tatu nikamwona mama yake. Alikuwa amesimama kwenye kamba, bado na aproni ya kibandani. Nilipompita hakupunga mkono. Alishika mdomo.

Nilielewa alichokuwa akiona nilipokuwa nimeshafika kona ya mbali. Hakuona uso. Aliona helmeti iliyoinama kushoto na bega la kulia lililo juu, ndani ya gari la mwanawe, likipita bila sauti.

Mzunguko wa kumi na nne alikuwa ameshavuka kamba. Alikuwa akija katikati ya lami, anatembea tu, mikono imening’inia. Nikasikia kapteni akipiga kelele, “Mathe, simama! Mama, usiguse gari!” Nilikanyaga breki, nikapiga kitufe cha kuzima umeme. Gari likasimama hatua kama kumi mbele yake na taa ikageuka kijani. Mizunguko yetu ikafia hapo.

Alifika ubavuni mwa gari, akainama. Akaweka mkono juu ya bega langu la kulia, lile la gunia. Mkono ulinukia managu.

“Mbona hukuniambia?” akasema, kwa sauti ndogo ya nyumbani. “Mbona hukuniambia kifua kinauma? Ningefunga kibanda. Ningekupeleka mwenyewe.”

Alijua ni mimi. Sikumwambia asubuhi ile ile kwamba naendesha? Alijua, na bado aliuliza, na akangoja. Timu nzima ilikuwa imesimama mbali, hakuna aliyethubutu kusogea. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo cheusi, na nilielewa kwamba nikinyamaza tu, ataendelea kuwa naye kwa muda kidogo. Ningeweza kumpa hata hilo, kama nilivyompa kiti.

Nikavua helmeti.

“Aliniambia mimi,” nikasema.

Mkono haukusogea.

“Ijumaa, karakanani. Alisema kifua kinambana, anataka kwenda hospitali. Nikamwambia anajifanya. Nilimwambia hivyo, Mama. Akacheka, akarudi kazini.”

“Ijumaa,” akasema.

“Ijumaa.”

“Na alilazwa Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Na pale matanga nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Na leo.”

“Na leo pia.”

Akaondoa mkono begani mwangu. Hakupiga kelele. Nilitamani apige, nilitamani anizabe kofi mbele ya wote, nami ningeshukuru. Alinitazama tu, uso kwa uso, kama anayejifunza sura yangu ili asije akaichanganya tena na ya mtu mwingine.

“Toka,” akasema.

Nikajiinua, kiti kikanidaka begani kama kawaida. Nikahangaika mbele yake, nikajipinda, nikatoka kwa shida. Alisubiri bila kunyoosha mkono. Nilipokuwa nimesimama kando, akainama ndani ya gari, akakipapasa kiti kwa viganja viwili, kuanzia chini. Alifika kwenye shimo la kijiko, akaingiza kidole, akaufuata mpini hadi mwisho.

“Siku hiyo nilimnyima chakula cha jioni,” akasema, si kwangu.

Kisha viganja vikapanda hadi mabegani. La kushoto, halafu la kulia. Vilikaa pale muda mrefu. “Hili bega ni mimi nilimpa,” akasema. Akajinyoosha, akamgeukia kapteni. “Kateni. Lakini hili nipeni.”

Kapteni alileta kisu cha mkate, tunachotumia kwa povu. Nikakichukua mimi. Hakuna mwingine aliyepaswa kukata. Nilikata bega la kulia kwanza, kipande kama mto mdogo, nikampa. Akakifunga ndani ya aproni, akaondoka kwa njia aliyojia, bila kuaga.

Mchana tulikata sehemu nyingine zilizokuwa zikinibana, tukapanga upya koni, tukaanza kuhesabu tena kutoka moja. Gari lilimaliza mizunguko ishirini. Mwalimu akashika saa, nikaruka nje kwa sekunde nne. Watu walipiga makofi, kapteni akanikumbatia mpaka miguu ikaacha lami. Nilikuwa nimesimama wima. Hakuna kilichonishika, na baridi iliniingia mgongoni kama mtu aliyevuliwa sweta.

Siku hizi kila Jumamosi huvuka Ngong Road nikateremka Kawangware. Mama yake hanifukuzi. Hunisalimia, huniuliza habari za masomo, hunisogezea gunia. Kile kipande cha povu amekiweka juu ya lile kreti lililopinduliwa kando yake, kimelazwa vizuri, na hukipangusa vumbi kwa aproni. Jumamosi ya kwanza nilipokuja, kabla sijainama kukaa, alinyoosha mkono akanizuia.

“Hapo pana mtu,” akasema.

Hakusema kwa ubaya. Wateja pia huwaambia hivyo hivyo, nao hutafuta pengine pa kuweka mifuko yao. Mimi huchukua fungu langu la managu na kulichambua nikiwa nimesimama, mpaka gunia liishe.